Bia za kuwapokea wakwe kutoka Moshi

Swali: Mzee, salamu nyingi. Mwezi wa Julai binti yangu anaposwa rasmi na kijana wa Moshi. Wakwe watakuja na basi dogo kupitia Namanga, na mjomba mmoja wa kijana anatoka Jinja. Nitawapokea nyumbani, Umoja, na wanaokunywa hawapungui hamsini tukijumlisha pande zote. Mimi ni mtu wa Tusker tangu ujana. Ndugu yangu mdogo anasema nitatia aibu nikiweka bia ya aina moja, na kwamba sharti nitafute za Tanzania na Uganda kwa kuwa zina nguvu kuliko zetu. Tena tunabishana kama tuziweke baridi ama moto. Wewe umeonja bia kazini miaka yote. Ninunue gani, kiasi gani, na wewe mwenyewe ukikaa chini huagiza nini? (Baba Njeri, Umoja)

Jibu: Baba Njeri, hongera kwa kufikia hatua hiyo, na pole kwa mabishano. Nikujibu kwa mkato kwanza. Weka Tusker kama ulivyotaka, ongeza White Cap na Guinness, halafu kreti moja ya Pilsner kwa wanaopenda uchungu. Hiyo habari ya kuagiza Kilimanjaro au Nile Special zipakiwe kwenye buti la basi, achana nayo. Sababu utaziona hapa chini, na sikatai kwamba bia za jirani ni nzuri. Nazipenda, nyingine sana. Ila bia ni kama mkate, hufaa zaidi karibu na tanuri lake.

Tuanze na hoja ya ndugu yako kuhusu nguvu, maana ana haki nusu. Tusker ya kawaida ina kileo cha asilimia 4.2. Kilimanjaro ina 4.5, tofauti ambayo hata mimi niliyekuwa nalipwa kuonja siwezi kuapa nitaihisi kichwani. Safari Lager ndiyo inayopanda, 5.5, na Nile Special ya Jinja ni 5.6. Sasa piga hesabu ya chupa ya nusu lita. Tusker moja ina mililita 21 za kileo chenyewe, Safari ina 27 na nusu, Nile Special ina 28. Anayekunywa Nile Special tatu amekunywa sawa na Tusker nne bila kujua. Mkenya akivuka Malaba hudhani maji ya Uganda yamemgeuka, kumbe ni hesabu tu.

Lakini ndugu yako amesahau chupa nyeusi iliyo mbele yake kila siku. Guinness inayopikwa hapa Ruaraka, Barabara ya Thika, ina asilimia 6.5. Chupa ya nusu lita ni mililita 32 na nusu. Kwa hiyo bia yenye nguvu kuliko zote hizo haitoki Arusha wala Jinja, inatoka pale karibu na Allsops. Na nguvu si sifa ya kukimbilia siku ya kuzungumza mahari. Mazungumzo ya ruracio hurefuka, wazee wanazunguka mbuyu, mara mtu anatoka nje kushauriana, mara anarudi. Hutaki msemaji wako amalize Guinness ya tatu kabla ya idadi ya mbuzi kutajwa. Ziweke nyuma, zitoke baada ya chakula.

Kumbuka pia kwamba tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bia Kenya hukadiriwa kwa kiasi cha kileo kilichomo, si kwa lita tu kama zamani. Nguvu inalipiwa.

Ladha ni jambo jingine, na hapa ndipo watu wengi husema kwa kishindo bila kuonja. Bia zetu karibu zote za chupa ni laga: rangi ya dhahabu, chachu inayofanya kazi kwa baridi, uchungu wa kiasi. Zinapotofautiana ni ndani ya sufuria. Shayiri yetu inatoka Mau Narok, Timau, Molo na maeneo ya Uasin Gishu. Hulowekwa ikaanza kuota, kisha hukaushwa ikawa kimea. Hopsi, yale maua yanayotia uchungu na harufu, huagizwa kutoka ng'ambo kwa sababu mmea wake unataka siku ndefu za kiangazi, na sisi tuko Ikweta, siku zetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Hadi hapo viwanda vyote vinafanana. Kinachofuata ndicho kinachoamua: unaongeza nini juu ya kimea?

Tusker hutiwa sukari ya miwa. Usifikiri sukari hiyo inabaki kwenye glasi. Chachu huila yote ikageuka kileo na gesi, na kinachobaki ni bia nyepesi, kavu kidogo mwishoni, inayoteremka bila kukwaruza. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na Tusker mchana kutwa. Tusker Malt haina sukari, ni kimea kitupu, na ukiiweka kando ya ndugu yake utaona ni nzito zaidi ulimini na ina harufu ya nafaka. Serengeti ya Tanzania nayo inajivunia kimea kitupu, na wapenzi wake hukuambia jambo hilo hata hujawauliza. Pilsner, ile yenye kichwa cha simba na maneno "Imara kama Simba", ina asilimia 4.7 na uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Wengi huikwepa kwa jina tu, wakidhani ni ya vijana wa ubishi. Kwa maoni yangu ndiyo bia yetu inayodharauliwa bila haki.

Halafu kuna bia za mtama. Uganda walitangulia na Eagle mwaka 2002, wakatumia mtama wa wakulima wao badala ya shayiri, na serikali ikawapunguzia ushuru. Kenya nayo ina Senator iliyozaliwa mwaka 2004, ile ya pipa, ambayo baadaye mitaa iliibatiza Obama. Lengo lilikuwa kumpa mtu wa kipato cha chini kitu safi badala ya chang'aa ya kichochoroni. Mwaka 2013 serikali ilipoondoa sehemu kubwa ya msamaha wa ushuru, bei ikaruka na mauzo yakaanguka, hadi msamaha uliporudishwa. Ukionja Senator kwa utulivu utakuta uchachu mdogo na wepesi kama wa uji uliokaa usiku mmoja. Si mbaya hata kidogo ikitoka kwenye pipa lililofunguliwa siku hiyo na mipira inayooshwa. Lakini kwa shughuli yako haifai: inahitaji pampu na gesi, na pipa likishafunguliwa halingoji mtu.

Sasa nikusimulie jambo ambalo wakwe zako wenye umri watalijua kuliko wewe, maana lilipiganwa mjini kwao. Kiwanda cha Ruaraka kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst. Kreti kumi za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, ndipo bia ikapewa jina la tembo mwenye pembe na picha yake ikabandikwa kwenye chupa. Hadithi hiyo kila mlevi wa Nairobi anaisimulia, na kwa mara moja walevi wako sahihi. Wasichosimulia ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilivuka mpaka mapema ikaingia Tanganyika miaka ya 1930, na ndiyo sababu mwaka 1936 ikaitwa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo bia za Dar es Salaam na za Nairobi ni watoto wa nyumba moja waliotenganishwa baadaye, pale Tanzania ilipotaifisha viwanda baada ya Azimio la Arusha la 1967. Safari Lager ilizaliwa baada ya hapo, mwaka 1977, na Kilimanjaro mwaka 1996 wakati Waafrika Kusini, wenye bia ya Castle, walikuwa wameshaingia kama wabia wa kampuni ya Tanzania.

Hapo vita vikaanza. Waafrika Kusini walijenga kiwanda cha Castle pale Thika, kikafunguliwa mwaka 1998. Wakenya nao walikuwa na kiwanda Moshi, Kibo Breweries, wakipika Tusker chini ya mlima wa watu. Kwa miaka michache bei zilishuka, matangazo yakapamba moto, na mnywaji akafaidi kama mbuzi aliyeachiwa shamba. Mwaka 2002 wakubwa wakakaa mezani wakagawana: Castle ya Thika ikafungwa, Kibo ya Moshi ikafungwa, kila mmoja akabaki kwake na akapewa asilimia 20 ya hisa za mwenzake. Kwetu jambo hilo lilionekana ushindi, watu wakashangilia kwamba tembo amemfukuza mgeni. Mimi nililiona kuwa hasara kwa mnywaji, na bado nasema hivyo: ushindani ulikuwa umelazimisha pande zote kuangalia ubora na bei, na uliisha kwa saini. Baadaye, mwaka 2010, Wakenya walinunua asilimia 51 ya Serengeti, na sasa Serengeti ina viwanda Dar es Salaam, Mwanza na huko huko Moshi.

Maana yake kwako, Baba Njeri? Wakwe zako wanaifahamu Tusker. Wazee wao waliinywa ikipikwa kwao. Hutakuwa unawapa kitu kigeni, na ukiitaja Kibo Breweries mezani utapata mazungumzo ya saa nzima bila kugusa mahari.

Nirudi kwenye buti la basi. Bia haivundi ikamdhuru mtu, hilo usiogope, lakini huzeeka, na vinavyoizeesha ni joto, hewa na mwanga. Kreti iliyotoka Moshi asubuhi ikapita Arusha, Longido na Namanga, ikasimama foleni mpakani juani, ikafika Umoja jioni ikitikiswa njia nzima, imeonja kila kitu kabla yako. Bia iliyozeeka hupoteza harufu ya hopsi kwanza, kisha inaleta ladha ya karatasi iliyolowana. Mnywaji wa kawaida hataitaja kwa jina, atasema tu "hii Kili ya huku si kama ya nyumbani", na aibu unayoikwepa itakukuta kwa mlango wa nyuma.

Mwanga una ubaya wake peke yake. Ukigonga vile viini vya uchungu vilivyotoka kwenye hopsi, vinavunjika na kutoa harufu ya kicheche. Glasi ya rangi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na ndiyo maana bia zetu nyingi zimevaa kahawia. Chupa ya kijani, kama ya Heineken, haina kinga hiyo. Ukitaka kujithibitishia, chukua mbili za kijani, moja iache kwenye ukuta wa uani juani mchana kutwa, nyingine ifunge gazeti uiweke kabatini. Jioni zote zipoze pamoja, zifungue, unuse kabla ya kunywa. Hutahitaji mtaalamu akueleze. Kwa hiyo siku ya shughuli kreti zisipangwe uani kando ya hema eti zionekane. Ziweke ndani, chumba chenye giza, na zitoke kidogo kidogo.

Unaponunua, usichukue zilizopangwa dirishani kwa mwenye duka. Nenda depo, angalia tarehe iliyochapwa kwenye chupa, na uchague zenye muda mrefu zaidi mbele. Inua chupa moja dhidi ya taa: ikiwa kuna vumbi jeupe linaloelea, iache. Na zote ziwe na stempu ya ushuru. Mamlaka ya mapato ina programu ya simu iitwayo Soma Label, unapiga picha stempu inakuambia kama ni halali. Bia haighushiwi kama pombe kali, lakini dakika moja haikupunguzii kitu.

Mjomba wa Jinja sasa. Huyu anatoka kwenye chanzo cha Nile, ambako Nile Special hupikwa, na nadhani ndiye anayekutia wasiwasi kuliko wote. Nile Special ikinyweka pale Jinja, mbichi, ni bia ya heshima: imejaa kinywani, ina utamu wa nafaka mbele na nguvu inayojificha. Ingekuwa mimi naenda kwake ningeiomba kabla ya kuonyeshwa kiti. Nairobi ni safari nyingine. Mpe Guinness. Waganda wengi wanaoipenda Special wanapenda kitu chenye uzito, na Tusker ya kawaida wataiona maji. Akisema anataka laga tu, Pilsner itamtosha. Bell, ile ya Luzira karibu na Port Bell, ni nyepesi na ya kirafiki, inafanana zaidi na Tusker kuliko Special, kwa hiyo usihangaike kuitafuta ukidhani unamridhisha.

Wa Rwanda, Burundi na Kongo hukuniuliza, basi nipite haraka: Primus katika chupa yake kubwa ya sentilita 72 ni furaha ya kushirikiana watu wawili, na Mützig ya Rwanda, asilimia 5.5, ingeweza kukaa meza moja na yoyote niliyoitaja. Ethiopia nao wana St George, mkongwe wa mwaka 1922 kama Ruaraka.

Tufike kwenye ugomvi wa moto na baridi, ambao naona umewashika kweli. Hapa Nairobi mhudumu hakuletei bia kabla ya kuuliza, "Baridi ama moto?" Mgeni kutoka Ulaya akisikia hivyo hucheka, anadhani tunachemsha. Lakini "moto" ya Nairobi mwezi wa Julai si moto. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku huo wa baridi joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, mchana hupanda kidogo juu ya 20 na wakati mwingine jua halionekani wiki nzima. Bia iliyokaa kwenye sakafu ya saruji Umoja katika msimu huo ina nyuzi 16 au 17. Mombasa, "moto" ni nyuzi 30, na hapo hata mimi nakataa.

Kitaalamu ni hivi. Baridi kali hufunga harufu na kuua ulimi. Bia ya nyuzi 3 haina ladha, ina baridi tu, na ndiyo maana bia mbovu hupenda friji. Ukiiacha ipande hadi 7 au 8, laga huanza kusema. Ikipita 14 gesi hutoka haraka, povu linajaa glasi, na uchungu unachomoza, jambo ambalo wazee wengi wanalipenda na vijana hawalitaki. Guinness inastahili joto la juu zaidi kuliko laga, nyuzi 10 hadi 12, ndipo ladha ya shayiri iliyochomwa na ya kahawa inapofunguka. Ile imani kwamba bia baridi huleta kifua, na ile nyingine kwamba bia moto hulevya haraka, zote mbili nazisikia tangu zamani. Kileo ni kile kile. Aliyekunywa moto mara nyingi alikunywa haraka kwa kuwa haikumuuma meno.

Kwa hiyo wewe na ndugu yako mtashinda wote. Theluthi moja ya kreti zibaki sakafuni chumbani, hizo ni za wazee na atakayeomba moto. Zilizobaki zitie kwenye mapipa ya plastiki yenye maji, barafu na konzi kadhaa za chumvi. Barafu peke yake bila maji hupoza taratibu kwa sababu inagusa chupa hapa na pale. Maji ndiyo yanayoikumbatia chupa pande zote, na chumvi huyashusha chini ya sifuri. Katika dakika 20 ziko tayari. Mpangie kijana mmoja mwenye akili kazi ya kuzitoa na kuziweka mezani muda kidogo kabla ya kufunguliwa. Na mhudumu aulize kila mgeni, hata kama anadhani anajua. Wachaga watafurahi kuulizwa, na jibu litakuwa kwa adabu ya Kitanzania, "Yoyote tu, baba", hapo umletee baridi.

Lakini nina neno la ziada, na kwangu ni kubwa kuliko orodha ya chupa. Katika shughuli hii bia ya kiwandani ni ya burudani, kinywaji chenyewe cha ndoa ni kingine. Kwa desturi ya Agikuyu upande wa kijana ndio unaoleta njohi, yaani pombe ya kienyeji kama muratina, na wazee wataiulizia. Muratina hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na kinachoichachusha ni tunda refu la mti wa muratina, lile linaloning'inia kama soseji. Hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani hadi libaki nyuzi nyuzi, na chachu hukaa humo kutoka pombe moja hadi nyingine. Fundi mzuri hutunza matunda yake kwa miaka, hakuazimi. Pombe hukaa karibu na moto usiku kadhaa, kisha huchujwa, na ikitoka vizuri ina utamu mbele, uchachu katikati na harufu ya moshi na asali.

Wachaga nao wana mbege, na hakuna harusi ya uchagani iliyokamilika bila hiyo. Hupikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa muda mrefu hadi zikawa nyekundu, zikaachwa zichache siku kadhaa, kisha hutiwa uji wa ulezi ulioota na kukaushwa. Uchungu wake hautoki kwenye hopsi bali kwenye gome la mti wa msesewe. Ukiinywa kwenye kata, juu kuna ulezi unaoelea na lazima upulize kidogo kabla ya kupiga funda. Angalia basi: pande zote mbili zina pombe yenye utamu wa matunda au asali, yenye mmea wake wa porini, yenye wazee wanaoijua kwa harufu. Piga simu kwa mshenga, mwambie upande wa kijana waje na mbege lita kadhaa, na wewe utafute fundi wa muratina unayemwamini ili wao wailipie kama inavyotakiwa. Mbege hainywewi ikiwa ya siku tatu, kwa hiyo ipikwe ikadirie siku, na isafiri kwenye dumu lisilokazwa kifuniko, maana bado inatoa gesi. Dumu lililokazwa hupasuka, na basi zima litanuka ndizi hadi Kajiado. Hiki, Baba Njeri, ndicho kitakachokumbukwa. Hakuna atakayesimulia wajukuu kwamba siku ile kulikuwa na Safari Lager.

Uliniuliza naagiza nini. White Cap, ile yenye mlima wenye theluji, isiyo ya friji kali, mbavu za mbuzi zikiwa bado kwenye ubao na kachumbari yenye pilipili nyingi. Vijana huiita bia ya wazee wastaafu, na wana haki, nimestaafu. Ina ulaini ambao haushindani na nyama. Mafuta ya mbuzi yanahitaji kitu cha kuyafuta, si kitu cha kuyazidi sauti. Jioni za Julai nabadilisha, naomba Guinness moja nayo inanitosha, hasa kukiwa na mutura iliyochomwa hadi ikapasuka. Nikiwa Dar es Salaam nanywa Safari, na nikiwa Mwanza siwezi kupita Balimi bila kuisalimia. Bia za "lite" haziniambii kitu, lakini sitagombana na anayezipenda. Wapishi wadogo wa bia wa Nairobi, kama 254 na Bateleur, wanatengeneza ale, bia zisizo laga, zenye harufu ya machungwa na uchungu wa kweli, na mtu anayetaka kujua hopsi ni nini hasa aanzie huko, akijua kwamba mfuko utalia.

Kiasi: kreti ya kawaida ina chupa 25 za nusu lita. Watu hamsini kwa chupa tatu tatu ni 150, yaani kreti sita. Chukua Tusker tatu, White Cap moja, Guinness moja, Pilsner moja, na mbili za akiba za Tusker ambazo utakubaliana na mwenye depo kwamba zikibaki hazijaguswa anazipokea. Muratina na mbege zitapunguza mahitaji ya chupa kuliko unavyofikiri. Soda zisisahauliwe, Stoney hasa, maana katika hamsini hao wapo watakaosema wanakunywa na kumbe mchungaji wao amekuja pia. Dereva wa basi dogo mwekee chakula mapema na asishikishwe glasi hata kwa utani, kwa sababu watu wa Alcoblow, kile kipima kileo cha barabarani, hawaangalii kama ulitoka ruracio.

Mwisho, chupa. Depo itakutoza amana ya chupa na kreti, na katika shughuli ya watu wengi vijana wa mtaa hukusanya tupu haraka kuliko unavyogeuka. Weka kreti tupu mahali pamoja karibu na jikoni, mtu mmoja azihesabu kabla wageni hawajaondoka, na zirudishwe Jumatatu asubuhi kabla hazijaanza kupungua.